Wa Kwanza Kuitikia Amina

Mwenye nyumba wa kwanza alisema alimwondoa mpangaji wake kwa sababu mwanawe wa pekee anarudi kutoka masomoni na chumba kinahitajika. Mama huyo alikuwa na duka la unga mbele ya nyumba, na aliyasema hayo mkono kifuani, bila hata kukohoa. Kijana aliyekuwa akipima unga nyuma yake akainua kichwa na kuuliza, "Mama, kumbe nina ndugu?"

Sajenti hakucheka. Kituoni walimwita mwanamke huyo Nukta kwa sababu mbili: kimo chake, na tabia yake ya kuyakata maneno ya watu pale alipoona yametosha. Aliwaacha mama na mwana wamalizane, akazunguka uani kukiona chumba chenyewe. Chini ya dirisha zilikuwepo ndoo mbili nyekundu, mpya kabisa, zimejaa mchanga hadi mdomoni.

Mwenye nyumba wa pili, mwalimu mstaafu, alisema yeye alitaka tu kupaka rangi. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu mpangaji atoke, kuta zilikuwa zilezile na madoa yake, na buibui walikuwa wameshahamia bila kulipa kodi. Nje ya mlango ilikaa ndoo nyekundu ya mchanga. Nukta alipouliza ni ya nini, mwalimu alijibu kwamba ni ya paka. Nukta akaomba amwone huyo paka. Mwalimu akasema paka mwenyewe bado hajanunuliwa, akakumbuka ghafla kwamba ana dawa za kunywa.

Uongo wa mtu mmoja ni tabia yake. Lakini watu wawili wasiojuana wakidanganya kwa aibu ileile, na wote wawili wana ndoo za mchanga, uongo huo una baba mmoja. Nukta alikuwa na siku mbili za kumtafuta baba huyo, kwa kuwa mwenye nyumba wa tatu alikuwa amempa mpangaji huyohuyo hadi Ijumaa awe ametoka.

Mpangaji aliyekuwa akirushwa kama mpira namna hiyo ni fundi simu, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyepesi, aliyeondoka kwa mumewe baada ya mume kumvunja kiwiko na kueleza majirani kwamba ameteleza bafuni. Mahakama ilimwamuru mume asimkaribie, na mume, mtu wa adabu, hakumkaribia hata siku moja. Hata hivyo, kila Fundi alipopata chumba na kuanza kuzoea sauti za majirani, mwenye nyumba alimjia na sababu isiyo na kichwa wala miguu na kumtaka aondoke. Ndugu walikuwa wamechoka kumlaza sebuleni. Wiki hiyo alikuwa amemwambia Nukta, bila kulia, kwamba akifukuzwa tena hana pengine pa kwenda ila kule alikotoka. Mkuu wa kituo alisikia habari hiyo akasema wagombanao ndio wapatanao. Nukta alisema ndiyo mkuu, akachukua kofia yake.

Mwenye nyumba wa tatu aliitwa Mzee Marufuku mtaa mzima. Kuta za ua wake zilijaa maandishi kwa mkono wake mwenyewe: marufuku kutwanga, marufuku kufuga, marufuku wageni baada ya saa tatu, na kwa herufi kubwa kuliko zote, MARUFUKU KUPIGA MSUMARI UKUTANI. Alimpokea Nukta kwa heshima na kumweleza kwamba paa la chumba kile linavuja vibaya, ni lazima alitengeneze. Muda si mrefu akamwonyesha paa hilohilo kwa fahari, jinsi alivyolibadilisha mwaka jana kwa mabati mazito ambayo, alisema, yatawazika wajukuu wake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mzee Marufuku haikufika hata getini. Ndoo za mchanga uani kwake zilikuwa nne.

"Mzee, nyumba yako imewahi kuungua?" Nukta akauliza.

"Bado," akajibu mzee.

Nukta akalirudia neno hilo moyoni. Mtu akiulizwa kama ameoa anaweza kujibu bado. Akiulizwa kama amekwenda ng'ambo anaweza kujibu bado. Lakini nyumba kuungua si safari ambayo mtu ameshaikatia tiketi.

"Bado, mzee? Unautegemea moto lini?"

Mzee akatazama kulia na kushoto, akamvuta Nukta hadi nyuma ya tangi la maji. Hapo akafunguka. Alikuja bwana mmoja wa heshima, mkaguzi kutoka zimamoto, kizibao cha rangi ya chungwa, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata nyanya. Alinusa kuta, akatikisa kichwa. Akasema mwanamke yule ni mgonjwa wa moto, ameshateketeza nyumba mbili za watu, na uchunguzi unaendelea kwa siri. Mwenye nyumba asimwambie yeyote, mwanamke asije akatoroka kabla ya kukamatwa. Amwondoe tu taratibu, kwa sababu yoyote atakayobuni.

"Na mimi kubuni sijajaliwa," mzee akakiri kwa huzuni.

Nukta akamweleza kwamba hakuna nyumba iliyoungua na hakuna mkaguzi wa namna hiyo. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema yule alikuja na kitambulisho na huyu amekuja na kitambulisho, na nyumba yake ni moja. Ijumaa ni Ijumaa. Hakusema kwa ubaya, na ndilo lililomuudhi Nukta zaidi. Mzee aliogopa kweli.

Chumbani kwa Fundi hapakuwa na kitu kilichokaa mahali pake. Sufuria zilikuwa ndani ya gunia, nguo zilikuwa ndani ya begi, na juu ya godoro kulikuwa na bonge la sweta lililokuwa likisema tik, tik, tik. Nukta, kwa mazoea ya kazi, akarudi nyuma hatua moja. Fundi akalifunua. Ilikuwa saa ya ukutani, zawadi ya mama yake, ambayo haijaona ukuta tangu aondoke kwa mume. Nukta akamweleza habari za kizibao na shati. Fundi akaketi juu ya gunia la sufuria, na sufuria zikalia chini yake.

"Huyo hupiga pasi hata soksi," akasema.

Sasa mtu alijulikana. Lililobaki ni njia yake: alijuaje kila mara Fundi alikohamia? Nukta akaitaka simu. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Simu yake ameifungua hadi skrubu ya mwisho, amebadilisha laini, ameondoka kwenye makundi yote ambayo mume yumo, likiwemo la ukoo. Kama kuna mdudu wa kupeleleza ndani ya simu ile, alisema, basi amemzaa yeye mwenyewe.

Akabaki dalali, aliyemtafutia vyumba. Nukta alimkuta kijiweni, na dalali alipoona sare akaruka ukuta. Ukuta ulibaki na kipande kizuri tu cha suruali yake, na Koplo, msaidizi wa Nukta, akamkamata upande wa pili akiwa amejisitiri kiuno kwa gazeti. Akaungama hapohapo, kabla hajaulizwa, kwamba chumba cha karibu na bomba amekipangisha kwa watu wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na hawajakutana bado. Kuhusu Fundi, aliapa hajui lolote, na Nukta akamwamini, si kwa kiapo bali kwa hesabu. Chumba cha kwanza, cha mama wa unga, Fundi alikitafuta mwenyewe. Dalali hakukijua, na mume alikijua.

Basi aliyejua vyote vitatu ni mmoja tu, na Fundi alikuwa ameshamtaja, akisema huyo angekufa kabla ya kuitoa siri: mama yake mzazi.

Mama alikaa na kuku watatu na redio moja. Alimkaribisha Nukta kwa chai kabla hajajua shida yake. "Karibu mwanangu, kaa mwanangu, mbona wamekupa kofia kubwa hivyo?" Nukta akanywa kikombe cha kwanza kwa adabu na cha pili kwa kulazimishwa, ndipo akauliza. Mama akaiweka birika chini kwa kishindo. Akasema bintiye alimuapisha, na yeye si mtu wa kucheza na kiapo.

"Sijamwambia mwanadamu yeyote."

Nukta alikuwa amehoji wezi, matapeli na mawakili, na alijua kwamba mtu anayesema kweli tupu husema sijamwambia mtu. Anayechagua neno analichagua kwa sababu.

"Na asiye mwanadamu, mama?"

Mama akamtazama kama aliyeulizwa kitu cha kipumbavu. Asiye mwanadamu si Mungu tu? Na Mungu anamwambia kila asubuhi, atamlindaje mtoto asiyejua anakaa wapi? Ndiyo, Mungu anajua yote, lakini vichochoro vya siku hizi vinafanana, na si vibaya kumwelekeza. Akaomba simu yake iliyokuwa chini ya mto, akabonyeza, na sauti yake mwenyewe ikajaa chumba. Ilikuwa sala ya mwezi uliopita, iliyorekodiwa na kutumwa kwenye kundi la ukoo, ili wote wapate baraka. Mlinde mwanangu, Baba, hapo kwa mzee mwenye maandishi ukutani, chumba cha tatu ukiingia, mkono wa kulia, ukipita tangi la maji.

Chini ya sala lilikuwepo jibu la kwanza, limekuja papo hapo, pamoja na picha ya mikono miwili iliyofumbatana: Amina. Nukta akapandisha juu. Sala ya chumba cha mwalimu, Amina. Sala ya chumba cha mama wa unga, Amina. Kila mara mtu mmoja, wa kwanza kabla ya wote.

"Huyu nani, mama?"

"Mkwe wangu," akasema mama. "Mengine atajua mwenyewe, lakini kwa sala hana mpinzani. Huwa wa kwanza kuitikia."

Nukta akauliza kwa nini hajaondolewa kwenye kundi. Mama akashtuka. Unamtoaje mkwe? Utamtazama kwa macho gani mkikutana msibani? Suala hilo lilikuwa limepelekwa kwa mjomba, naye alisema kumtoa mkwe kunahitaji kikao cha ukoo, na kikao kimeahirishwa mara kadhaa kwa sababu wajumbe wanagombania nauli.

Kisha Nukta akasema lililobidi kusemwa, kwa sauti ndogo. Mama hakuelewa mara moja. Alipoelewa alishika ukingo wa meza, na uso wake ukazeeka palepale.

"Yaani ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekuwa nikimshika mkono hadi mlangoni kwa mwanangu."

Akalia. Nukta akaichukua birika. Alimmiminia mama chai yake mwenyewe, akasubiri. Mama alipojifuta machozi, macho yaliyobaki hayakuwa ya kikongwe wa kuonewa huruma. Akauliza wanafanyaje.

Nukta alikuwa na mpango: sala mpya yenye anwani ya uongo. Mama akakataa katakata. Kwa uzee huu yeye na Mungu hawadanganyani. Nukta akakuna kichwa chini ya kofia, halafu akakumbuka kikombe cha kwanza.

"Mama, nilipoingia hapa uliniitaje?"

"Nilikuita mwanangu. Nikuiteje?"

"Basi niombee mimi. Leo nahamia kwenye chumba kipya."

Mama akaupindapinda mpango huo kichwani, akautafuta mahali unapovuja, asipapate. Alipokwisha kuelekezwa njia akajifunga kitambaa kichwani, akafumba macho, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Ee Mungu, nakukabidhi mwanangu anayehama leo. Anahamia nyuma ya kiwanda cha sabuni, Baba, ukitoka barabara kuu ushike kushoto. Utaona vinyozi wawili. Si yule wa kwanza, yule ana makelele. Ni wa pili, mwenye kioo kilichopasuka. Mlango wa kijani unatazamana naye. Mfunike na kila jicho baya, Baba, na kila jicho baya ulipe lake."

Simu ilipotulia mezani hawakusubiri sana. Amina, na mikono miwili.

Mlango wa kijani ulikuwa wa nyumba ya Koplo, aliyoachiwa na bibi yake pamoja na kabati lisilofunguka. Nukta alihamia kweli, kwa mkeka, birika na jozi ya kandambili, ili mama asije akahesabiwa dhambi. Mzee Marufuku aliwekwa nyuma ya pazia, juu ya kigoda, baada ya kuahidi mara tatu kwamba hatakohoa. Koplo alitumwa kwa kinyozi wa kioo kilichopasuka, akae pale kama mteja na kuangalia njia.

Hodi ilibishwa asubuhi, kabla chai haijapoa. Nukta alifungua akiwa amejifunga khanga kiunoni na ufagio mkononi. Mbele yake alisimama bwana wa kizibao cha rangi ya chungwa. Suruali ilikuwa na mkunjo mmoja ulionyooka kutoka kiunoni hadi kiatuni.

"Shikamoo mama mwenye nyumba," akasema, ingawa walikuwa rika moja. "Natoka zimamoto. Ni ukaguzi wa kawaida."

Akaingia, akanusa ukuta wa kwanza. Akanusa wa pili. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya daktari.

"Una mpangaji mpya," akasema.

Nukta akakubali kwamba amekuja jana. Akauliza kama kuna ubaya. Mkaguzi akashusha sauti. Mwanamke mwembamba, fundi simu, ana kovu kwenye kiwiko cha kushoto. Yeye mkaguzi anawafahamu wenye nyumba wengi wanaolia leo kwa ajili yake. Aliteketeza nyumba ya mama mmoja muuza unga, akateketeza ya mwalimu mstaafu, na sasa hivi ametoka kujaribu kwa mzee mmoja aliyejaza maandishi ukutani, mzee mjinga kidogo lakini mwelewa.

Pazia likatikisika. Nukta akakohoa kwa niaba yake.

"Kovu hilo alilipataje?" akauliza.

"Alijiunguza mwenyewe akiwasha moto." Akainama karibu zaidi. "Mama, mwondoe kwa wema. Mwambie lolote. Mwanamke wa aina hiyo akikosa milango yote huko nje, atarudi kwenye ule mmoja ulio wazi. Ni kwa faida yake."

Hapo uso wa Nukta ukabadilika, na ufagio ukashuka. Alikuwa ameicheka kesi hii moyoni tangu asubuhi ya kwanza, kwa paka asiyenunuliwa na mwana asiyezaliwa, lakini maneno hayo hayakuchekesha. Yalikuwa hesabu nzima ya mtu huyo, na aliyasema kwa upole.

"Mpangaji wangu mpya ni mimi," akasema. "Fundi simu hajakanyaga nyumba hii. Hajui hata kama ipo. Sasa nieleze, bwana mkaguzi, hapa umemfuata nani?"

Mkaguzi akafungua mdomo. Kabla jibu halijatoka, pazia lilianguka na fimbo yake, na Mzee Marufuku akatokea amejifunika nusu.

"Mjinga kidogo?" akauliza.

Bwana yule akageuka kukimbia. Mlangoni alikutana na Koplo, shuka la kinyozi shingoni na kichwa kimenyolewa upande mmoja tu, na kwa mshangao wa sura ile akasimama mwenyewe. Nukta akamsomea makosa: kujifanya mtumishi wa serikali mbele ya mashahidi, kumchafulia mtu jina, na kumwinda mke ambaye mahakama ilimkataza kumkaribia. Mume akasema yeye ni mume, na haya ni mambo ya nyumbani. Nukta akamuuliza ni nyumba ipi, maana zote tatu alikuwa amezifunga. Akaweka nukta hapo.

Mchana alipita kwa mama. Mama akampa simu, akasema yeye hawezi kumtoa mkwe kwa mkono wake, akafumba macho, na kuomba aambiwe mambo yakiwa tayari. Nukta akabonyeza. Mama akafumbua macho, akamshukuru Mungu kwa kumwondoa mtu huyo, akarudi kwenye kuku wake.

Ijumaa, Nukta aliingia uani kwa Mzee Marufuku akiwa na hofu kidogo, kwa kuwa mzee hakuwa amesema lolote tangu siku ya pazia. Ndoo za mchanga hazikuwepo. Mlango wa chumba cha tatu ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na kishindo cha nyundo. Fundi alisimama katikati ya chumba amelikumbatia lile sweta linalosema tik, tik. Juu ya kigoda alikuwa mzee mwenyewe, msumari mdomoni na mwingine umeshaingia nusu ukutani, anapiga kwa hasira kama anayelipiza kisasi kwa ukuta.

Alimwona Nukta, akautoa msumari mdomoni. Akasema kwa ukali kwamba ni huo mmoja tu, mtu asije akadhani sheria imebadilika. Halafu akanyoosha mkono bila kumtazama Fundi usoni.

"Nipe hiyo saa, mwanangu," akasema. "Na hilo gunia la sufuria litoe mlangoni, watu wanajikwaa."